Sauti ya Fundi Funguo

Kila siku akitoka shuleni, Maswali alikuwa na vituo vyake. Alisimama kwa muuza magazeti akauliza yanayobaki husomwa na nani, akasimama kwa kinyozi akauliza nywele zilizokatwa hupelekwa wapi, na alipofika nyumbani chai ilikuwa imeshapoa. Jina hilo alipewa na shangazi yake, aliyekuwa akimlea yeye na kaka yake. Shangazi alisema mtoto huyu angelipwa kwa kila swali, familia nzima ingeacha kazi.

Kwa hiyo mwalimu alipoliagiza darasa lirekodi video za mahojiano na watu kuhusu kazi zao, Maswali aliona ameletewa chakula akipendacho. Video nzuri zaidi zingeonyeshwa ukumbini Ijumaa, mbele ya wazazi na wote waliohojiwa. Aliazima simu ya shangazi, akaenda moja kwa moja kwa fundi funguo.

Fundi huyo alikuwa na kibanda kidogo pembeni mwa posta, funguo zimening'inia ukutani kuanzia chini hadi juu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Siku ya mahojiano alivaa shati lililopigwa pasi na kuwaomba wateja wawili warudi baadaye. Kabla hawajaanza, aliuliza kama azime mashine ya kuchongea, maana ina kelele.

"Hapana, fundi, wewe endelea kuchonga," Maswali alimwambia. "Zile chembe za chuma zinavyoruka zitapendeza kwenye video. Mambo ya video niachie mimi."

Fundi akamwachia. Alizungumza robo saa nzima, jambo ambalo majirani zake hawakuwahi kulishuhudia. Maswali aliuliza alichouliza, kisha macho yake yakabaki kwenye chembe za chuma zinazong'aa. Kila alipoona midomo ya fundi imetulia, aliitikia kwa kichwa na kuuliza swali jingine.

Nyumbani aliifungua video pamoja na kaka yake. Picha zilikuwa safi kabisa. Sauti ya fundi ndiyo haikuwepo. Mashine ililia mwanzo mpaka mwisho, na kwa mbali kulisikika kitu kama mtu anayeongea ndani ya ndoo.

Alipaswa kurudi kwa fundi, na alilijua hilo. Lakini aliona haya. Mwenyewe alitahadharishwa, akajifanya mjuzi. Kaka yake, ambaye kwa sauti yake nzito walimwita Redio, akasema hilo ni jambo dogo. Yeye ataongea, wataiweka sauti yake juu ya picha, na nani atajua? Wakafunga madirisha, Redio akasoma majibu waliyoyatunga wenyewe. "Tangu utotoni niliota kuwa fundi funguo," alisema kama anayesoma taarifa ya habari, na Maswali akacheka mpaka akashika mbavu.

Jumatano mwalimu aliitazama video hiyo, akaisifu, akaichagua. Maswali alitabasamu, lakini moyoni hakuwa na raha.

Alhamisi alitaka kupita kibandani kwa salamu tu na kwenda zake. Fundi ndiye aliyemwita.

"Kesho nafunga mapema," alisema. "Nakuja na mama. Macho yake hayaoni tena, mwaka wa tatu huu. Amesema picha mtaangalia nyinyi, yeye anakuja kumsikia mwanawe akizungumza mbele za watu."

Maswali aliitikia sawa, akaondoka. Alipita kwa kinyozi bila swali hata moja, na kinyozi akamuuliza kama anaumwa. Maswali alikuwa akimfikiria yule mama ameketi mstari wa mbele, ametega sikio, na anayetoka kwenye spika ni Redio. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika ukingoni. Akageuka, akarudi mbio, akasema yote kabla hajabadili nia.

Fundi alimaliza ufunguo aliokuwa akiuchonga, akaulinganisha na ule wa mteja kwenye mwanga, akakunja uso. Kisha akautupia ndani ya mkebe uliokuwa chini ya meza. Mkebe huo ulikuwa umejaa nusu.

"Unajua hizi ni nini?" aliuliza.

"Funguo."

"Ni makosa yangu. Zamani nilikuwa nikikosea, nausugua juu juu kwa tupa ufunguo ung'ae, nampa mteja. Anafika kwake, mlango haufunguki. Mkono kuteleza si dhambi, mwanangu. Kuling'arisha kosa na kumpa mtu, hapo ndipo nilipokuwa nakosea kweli." Akanyoosha mkono, akaizima mashine. "Simu unayo?"

Safari hii Maswali alisikiliza. Fundi alisema hakuwahi kuota kuwa fundi funguo, alitaka kuendesha malori. Alipokaa muda mrefu bila kazi, mama yake, aliyekuwa mshonaji, aliuza cherehani yake ya pekee ili yeye apate mashine hii.

"Hakuniambia," alisema. "Nilirudi nyumbani nikakuta meza yake tupu. Mpaka leo nikiwasha mashine hii, naikumbuka meza ile."

Maswali alishusha simu. "Haya uliyasema na siku ile?"

"Niliyasema."

Maswali alilia kidogo, wala hakujificha.

Ijumaa asubuhi alimweleza mwalimu kila kitu. Mwalimu hakufurahi na alimpunguzia alama, lakini video mpya aliipokea. Shangazi naye alipopata habari, alimtuma Redio akapange viti vya ukumbi mzima peke yake.

Mama yake fundi aliketi mbele, mkono wake juu ya mkono wa mwanawe. Sauti ilipotoka kwenye spika, aliinua uso. "Ndiye huyu," alisema. "Ndiye mwanangu huyu." Fundi alipofika kwenye habari ya cherehani, mama alicheka, kisha akatafuta leso.

Video ilipokwisha, mwalimu alisimama. Alisema hiyo ilikuwa video ya pili, na ya kwanza iliharibika. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," aliwaambia wanafunzi. "Kazi ikiharibika, sema, kisha uanze upya. Ukificha, utaharibu na kazi, na jina lako."

Watu walipokuwa wakitoka, mama yake fundi aliomba aletewe yule mtoto mwenye maswali. Akamshika mkono. "Na wewe, mjukuu wangu, ukikua utafanya kazi gani?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Maswali alifikiri kwanza.

"Kuwauliza watu, bibi," alisema. "Na kusikiliza wanachojibu."