Noti Zenye Homa

Noti zilitoka na joto. Halikuwa joto la mashine iliyoshinda juani, maana kichochoro kile jua halikuwahi kukifikia tangu kilipojengwa. Lilikuwa joto la kitu kilichotolewa kifuani sasa hivi. Fundi cherehani alizikunja haraka, akazisunda ndani ya sidiria kama wafanyavyo wasafiri wote wasioamini mikoba, nazo zikamlalia pale kama kitoto cha paka.

Hakuipenda mashine ile. Ilisimama peke yake nyuma ya duka la dawa, kati ya kibanda cha mshona viatu kilichofungwa na ukuta wenye ukungu, haina jina la benki wala taa. Na jambo jingine: mashine zote za nchi ile ziliandika kwa lugha ya wenyewe, yeye akawa anabonyeza kwa kubahatisha. Hii iliandika kwa lugha ya kwao. KARIBU, ilisema, kwa herufi za kijani. UNGEPENDA KUCHUKUA KIASI GANI?

Angefanyaje? Mdogo wake alikuwa amelala wodini, mfupa wa paja umevunjika, na daktari alishasema wazi: mguu ule ukichelewa kupasuliwa utaoza, na ukioza utakatwa. Hospitali haikupokea kadi za nje. Ilitaka fedha taslimu, nusu leo, nusu kesho, ndipo kisu kiguse ngozi.

Mdogo wake alikuwa dereva wa malori. Watu walimwita Breki, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akizitumia.

Fundi alikuwa amevuka mpaka na kadi yake mwenyewe, yenye akiba yote ya kununulia cherehani mpya ya umeme. Ila aliondoka kwa haraka, bila kuiaga benki yake. Benki ilipoona kadi ya fundi mpole wa mtaani inachomekwa ghafla ugenini, ikadhani imeibwa, ikaifunga papo hapo. Ikabaki kadi ya Breki, naye aliitoa chini ya mto kama mtu anayeng'olewa jino.

"Namba ya siri nakupa," alimwambia dada yake, "lakini ukichomoa hata mia nitajua."

"Breki, nimeacha nguo za watu zimelala mezani nije kukuogesha, halafu unaniita mwizi?"

"Sijakuita mwizi. Nimekuita dada. Kwetu ni kitu kimoja."

"Ungevunjika mdomo badala ya mguu, ningekuja nacheka njia nzima."

Mashine ya fedha ya hospitali ilikuwa imekauka, watu wamepanga foleni mbele yake kama wanaosubiri mvua. Ndiyo maana akaenda kichochoroni.

Alilipa nusu ya kwanza. Karani wa dirisha la malipo alizishika noti, akakunja uso, akaipuliza mikono yake. Noti moja fundi hakuilipa. Ile aliinunulia vocha ya simu, ili aipigie benki yake kuisihi imfungulie kadi.

"Tutalishughulikia, mteja wetu," sauti ilimjibu, laini kama mafuta, na vocha ikaisha.

Jioni Breki alisema, "Dada, nifunike miguu."

Ilikuwa imefunikwa. Fundi aliingiza mkono chini ya blanketi, akautoa upesi. Miguu yote miwili, mzima na mbovu, ilikuwa baridi kama bomba la maji alfajiri. Alimwita muuguzi. Muuguzi alipima, akatikisa kipimo, akapima tena, akaleta blanketi la pili. Usiku ule fundi alilala sakafuni kando ya kitanda, na ndani ya ukuta akasikia kitu kama mbawa nyingi za karatasi zikipigana: trrrrr. Kikanyamaza. Trrrrr. Alijiambia ni feni.

Asubuhi baridi ilikuwa imefika kiunoni.

"Umechukua ngapi jana?" Breki aliuliza. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. "Niambie ukweli. Kuna kitu kinanichukua, dada. Nakihisi kinachukua."

"Unaota. Tulia, nikalete nusu ya pili."

"Usitumie ile mashine."

"Kwani umeiona wapi, wewe uliyelala hapa?"

Breki aligeuza uso ukutani.

Ilikuwa saa saba mchana alipoingia tena kichochoroni, na kelele za mtaa zikakatika nyuma yake kama mlango umefungwa. KARIBU TENA, DADA, mashine ikaandika. Vidole vyake vilisita. Akafikiria mguu unaooza. Akachomeka kadi, akabonyeza namba ya siri, akasikia tumboni mwa chuma ile trrrrr ya ukutani, ileile, ndipo pua yake ikashika harufu ya nywele zilizoungua, na noti zikaanza kutoka, moto, zina unyevu kidogo kama kiganja cha mgonjwa, wala si noti za nchi ile bali za kwao, noti za nyumbani kabisa, na alipoinua macho kwenye kile kioo kidogo cha mviringo kilichofungwa juu ya mashine ili mtu aone nani yuko nyuma yake, aliona kuna mtu nyuma yake, mrefu kupita ukuta, amevaa shati la wodini la Breki lenye doa la dawa begani, amempa mgongo, na mgongo ule ukawa unapumua, na tundu la noti nalo likawa linapumua pamoja nao, pumzi kwa pumzi, likimpulizia vidoleni, mpaka herufi za kijani zikawaka: UNGEPENDA HUDUMA NYINGINE?

Fundi alinyakua noti akakimbia. Kadi aliiacha mle ndani.

Noti za nyumbani hospitali isingezipokea, kwa hiyo alikwenda kwa mbadili fedha. Huyu alikuwa mzee wa kwao aliyelowea nchi ile miaka mingi, mwenye masharubu meupe na ulimi wa kiwembe, anayekaa nyuma ya wavu wa chuma akigombana na kila mteja. Alipokea noti ya kwanza, akaiinua kwenye mwanga, kisha akafanya jambo ambalo fundi hakuwahi kuona mtu akiifanyia fedha: akaiweka shavuni, kama mama anayempima mtoto.

Akairudisha chini ya wavu kwa ncha ya kalamu.

"Ondoa kitu hiki dirishani kwangu."

"Ni halali, mzee. Nimezitoa kwenye mashine."

"Sijasema ni bandia. Nimesema ondoa. Zina homa hizi. Nani wako anaumwa?"

Alishika wavu. "Mdogo wangu. Anapoa, mzee. Amepoa mpaka kiunoni."

"Na kadi ni yake."

"Ni yake."

"Nyie watu!" Mzee alipiga meza. "Mtu anafika ugenini, anaona shimo ukutani linamsemesha kwa lugha ya mama yake, badala ya kukimbia anachomeka kadi! Yule si mashine. Ni jini. Zamani walikaa visimani, watu wakaacha kuteka maji, wakahamia watu wanakokwenda kuteka sasa. Hana fedha yule, atazitoa wapi? Humchota mwenye kadi." Akashusha sauti. "Alipokuuliza kama unataka huduma nyingine, ulibonyeza nini?"

"Sikubonyeza. Nilikimbia."

"Basi bado anatoa."

Fundi alianza kulia. Mzee alimtazama kwa hasira, kama machozi yale yanalowesha meza yake.

"Usinililie hapa, una kazi. Kusanya noti zote alizokupa. Zote. Zirudishe kwenye mwili wa mwenyewe, zigusane na ngozi. Atazifuata. Atakuuliza tena, na wewe utamjibu. Neno moja tu, usiongeze la pili. Kama kuna noti imebaki nje, hapo sina la kukusaidia. Haya nenda, unanifukuzia wateja."

Hapakuwa na mteja hata mmoja.

Alikuwa katikati ya barabara simu ilipolia. "Mteja wetu, tumekufungulia kadi. Samahani kwa usumbufu." Fundi alicheka kicheko kibaya hadi wapita njia wakampisha. Aliingia benki yenye milango ya vioo na walinzi, akasimama mbele ya karani mwenye uso wa binadamu, akatoa akiba yake yote ya cherehani. Noti zilikuwa baridi kama inavyopasa noti kuwa. Alitamani kuzibusu.

Kwenye dirisha la malipo hakuhitaji maneno mengi. Karani alikuwa amezitoa zile noti za jana kwenye droo, akazitupa ndani ya bahasha pembeni, na dirisha amelifungua wazi kwa sababu ya harufu. Fundi alimsukumia noti zake, za nusu zote mbili, akaonyesha bahasha. Karani aliisukuma kwa rula, akafuta rula.

Jua lilikuwa linazama alipofika wodini. Baridi ilikuwa imefika kifuani, Breki anapumua kwa kuiba.

"Dada," alinong'ona. "Mwizi wangu. Umerudi."

"Nimerudi. Nyamaza."

Alilivua lile shati la wodini, akaligeuza ndani nje, akatoa sindano aliyotembea nayo siku zote kwenye ukosi wa gauni. Akazishikiza noti kwa mishono mirefu ya haraka, ile ambayo mafundi huiwekea nguo kabla ya kushona kweli: kifuani, mgongoni, mbavuni, chini hadi mapindo. Akamvika. Zile zilizobaki akamfunga nazo mapajani kwa bendeji. Breki alishtuka, akavuta pumzi ndefu, na rangi ikaanza kumrudia polepole midomoni, kama chai inavyokolea.

Ndipo taa za wodi zikafifia, na wagonjwa wengine wakawa kama wamelala wote kwa pamoja, hakuna anayekohoa, hakuna anayejigeuza, na kutoka mwisho wa ukumbi ikaja trrrrr, ikifuatwa na harufu ya nywele zilizoungua, ikaja kitanda hadi kitanda kama mtu anayetafuta jina lake, ikakata kona, ikasimama miguuni pa Breki, na fundi, ambaye alikuwa ameapa hatainua macho, aliinua, akaona ule mgongo mrefu umeinama chini ya dari, sasa unageuka, unageuka taratibu, na pale ambapo uso wa mtu hukaa palikuwa na tundu jembamba tu, la mlalo, lenye unyevu, na mwanga wa kijani ukipepesa ndani yake.

"Ungependa huduma nyingine?" likauliza. Lilikuwa na sauti ya upole, sauti laini kama mafuta.

"Dada," Breki alisema huku meno yakigongana, "dada, jibu."

Alitaka kutukana. Alitaka kuomba, kuuliza kwa nini wao, kusema mdogo wangu ni mjinga lakini ni wangu. Akakumbuka wavu wa chuma na kalamu ya mzee.

"Hapana."

Kile kitu kilikaa palepale. Kisha kikaendelea, taratibu zaidi:

"Imekosekana noti moja. Ungependa kuidai?"

Vocha. Vocha ya simu. Noti ile ilikuwa mtaani huko, mfukoni mwa mtu asiyemjua, ikitembea. Alielewa pia, jinsi mtu anavyoelewa kina cha shimo kwa kuangusha jiwe, kwamba kusema ndiyo ni kuchomeka kadi upya.

Alimtazama Breki. Breki alitikisa kichwa.

"Hapana," fundi akasema.

Taa zikarudi. Mgonjwa wa kitanda cha pili akakohoa. Juu ya kifua cha Breki, kwenye shati lililotuna noti, palikuwa na kadi yake, imelowa kama kitu kilichotemwa. Noti zote zilikuwa baridi. Asubuhi daktari alimpasua, na mguu ukapona.

Leo Breki anatembea. Anachechemea kidogo, anajisifu sana, na kila jioni hukaa kwenye kibaraza cha dada yake akimcheka kwa cherehani ile ya zamani ya kukanyaga.

"Ungeniibia kidogo," humwambia, "ungekuwa na ya umeme."

"Na wewe ungekuwa kaburini, unapunguza kelele mtaani."

Lakini chini ya bega lake la kushoto kuna mahali pa mstatili, upana wa noti moja, ambapo hapashiki joto. Maji ya moto hupita juu yake yakapoa. Na mwanzoni, katikati ya utani, meno ya Breki yaligongana ghafla, mwili wote ukamtetemeka, halafu ikapita. Hawakuhitaji kuulizana. Mahali fulani ugenini, mtu amelipia kitu.

Ilikuwa hivyo kwa miezi. Mara sokoni, mara kwenye teksi, Breki akawa anabashiri kwa mzaha: huyu kanunua viatu, huyu kahonga. Kisha ikakoma. Wiki ikapita bila mtetemo, na nyingine, na fundi akaanza kuimba tena akiwa kazini.

Jana Breki aliingia bila utani wowote. Akavua shati, akampa mgongo.

"Dada, weka sikio."

"Kwani vipi?"

"Ile noti haitembei tena. Imerudi ilikotoka. Kuna giza. Weka sikio tu."

Fundi alisimamisha cherehani kwa kiganja. Aliinama, akaweka sikio lake juu ya ile ngozi baridi, akashikilia pumzi. Chini kabisa, kama kutoka tumboni mwa chuma, palikuwa na kitu kinachongojea zamu yake.

Trrrrr.