Kioo cha Alhamisi

Tak.

Ilikuwa sauti ndogo, kama kijiko kinapogonga kikombe, na hakuna aliyeisikia ila mwanamke aliyeisababisha. Alikuwa amesimama peku nyuma ya cherehani yake, kabla hakujapambazuka, kisu mkononi amekigeuza mpini mbele. Ukutani, kipande chembamba cha kioo kilikuwa kimevunjika, vigae vyake vimelala sakafuni.

Akakaa kitini, akaandika kwenye simu: "Fundi, kioo kimevunjika."

Nyuma ya nyumba yake walikuwa wanajenga. Maduka chini, ofisi katikati, nyumba za kupanga juu, na mabati marefu kuzunguka pote, yamechorwa watu wanaocheka wakiwa wamebeba mifuko. Majirani wa uchochoro ule wote walikuwa wameuza na kuhama. Mshonaji, mjane, alibaki na hao wa kwenye mabati, nao hawakuwahi kumwamkia.

Shimo la msingi lilipochimbwa, ukuta wake ulipata ufa. Kampuni ikamtuma mpimaji, mtu mzima mwenye mvi za kuhesabika, akabandika kile kioo juu ya ufa kwa saruji. Alimweleza kwamba ukuta ukisogea hata kidogo kioo kitakatika, na kikikatika nyumba si salama. Tangu hapo akawa anakuja kila Alhamisi kukitazama. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Siku moja aliona meza inayumba, akachonga kijiti cha mbao akakisukuma chini ya mguu wake. Alikunywa chai polepole akiulizia magauni yaliyotundikwa, hili la nani, lile la harusi gani. Aliwahi kusema kwamba tangu mkewe afariki, redio ndiyo inayomwamkia.

Halafu uchimbaji ukaisha. Akasema ukuta umetulia, hana sababu ya kuja tena, labda kioo kivunjike. Alhamisi ikapita, na nyingine. Mshonaji alipika chai ya watu wawili akamwaga nusu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye alilala akiuombea wake ukue.

Jibu likaingia: "Toka ndani sasa hivi. Kaa uani, mbali na ukuta. Nakuja."

Alitoka na kanga mabegani. Ng'ambo ya mabati, mashine za zamu ya usiku zilianza kuzimwa, moja baada ya nyingine. Winchi ikasimama na mzigo wake hewani. Kimya kikatanda ambacho hakuwa amekisikia tangu ujenzi uanze. Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Kazi yote ile imesimama kwa ajili yake.

Simu ikaita. Ni binti yake, anayeishi upande wa pili wa mji. Kampuni imempigia, gari linakuja kubeba vyombo, nyumba inafungwa leo hii.

"Utakaa kwetu, mama. Chumba cha stoo tutakisafisha."

"Mchana anakuwepo nani?"

"Mchana sote tuko kazini. Utapumzika."

Akajibu, "Haya, mwanangu," na moyo ukamshuka. Alikuwa amekimbia upweke akaukuta umemtangulia mlangoni.

Mpimaji aliingia uani akihema, kichwa wazi, vifungo vya shati amevifunga kombo.

"Uko mzima?"

"Niko mzima, Fundi."

Akauliza mara ya pili ndipo akaingia ndani. Alichuchumaa, akaokota kigae cha kioo, akakigeuza. Akajipapasa mifukoni.

"Niazime futi yako ya kushonea."

Alipima ufa juu na chini, akalinganisha na alama zake za penseli.

"Ukuta haujasogea," alisema. "Na ungesogea, kioo kingekatika mstari mmoja. Hiki kimegongwa katikati." Alitazama dirishani, hakumtazama yeye. "Panya nao huangusha vitu."

Mshonaji aliona amefunguliwa mlango wa kupitia. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yeye alikuwa amechoka kutembea peke yake.

"Panya gani anashika kisu? Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Alhamisi ilipita. Halafu na nyingine ikapita."

Mpimaji hakucheka wala hakukunja uso. Alipiga simu palepale, na sauti ya mkubwa wake ikasikika hadi kwenye cherehani.

"Ukuta uko salama, bosi. Kioo kiligongwa. Mwambieni mwenye gari arudi... Ndiyo, nimesimamisha kazi kabla ya kupima. Kosa ni langu."

Alipomaliza, mwanamke alikuwa ameinamisha kichwa.

"Umebeba kosa langu."

"Ni langu kweli. Mpimaji mwenye akili zake huja na kipimo." Akatoa mifuko yake nje, mitupu. "Kofia nimeiacha, kipimo nimekiacha. Nilipoona ujumbe wako, ukuta sikuuwaza kabisa."

Mshonaji akamsogelea.

"Hata shati umelifunga kombo," alisema. "Simama sawa."

Akavifungua vifungo, akavifunga upya kimoja kimoja, kama anavyomfanyia mteja anayejaribu nguo. Nje, mashine zikaanza kunguruma tena, na vikombe kabatini vikatetemeka kama kawaida yao.

Mpimaji aliona mshonaji yuko peku, akachukua ufagio mwenyewe na kuzoa vigae vyote, mpaka chini ya cherehani. Kisha akauliza, "Nibandike kingine?"

"Usibandike. Nitakivunja tena."

Akatabasamu, akaenda mlangoni kuvaa viatu. Bosi alikuwa anamsubiri kazini, na maneno aliyomwandalia hayakuwa ya kupendeza. Kulikuwa kumeshapambazuka; wale watu wa kwenye mabati walikuwa wakicheka vilevile.

Mwanamke alishika mlango, hakuufunga.

"Alhamisi uje."

"Nikiulizwa ni kazi gani, niseme nini?"

"Hakuna kazi. Uje tu, Fundi, hata ukuta ukiwa mzima."