Neno la Kivukoni

Saa moja asubuhi behewa la mlimani lilikutwa limepondeka mwisho wa reli zake, na ndani yake maiti ya dereva, Mzee Breki. Nati za kibano chekundu kilicholishikiza kwenye kamba ya chuma zilikuwa zimefunguliwa nusu. Breki ya dharura ilikuwa imefungwa waya. Haikuwa ajali hata kidogo.

Adhuhuri mpwa wa marehemu, mwendesha mtambo wa kileleni, alikuwa ametiwa pingu. Aliyemchongea ni Nahodha wa kivuko cha mtoni, pale pale chini ya mlima.

"Behewa lilipoanza kuteleza," alimwambia Inspekta, "nilimsikia Mzee akipiga kelele dirishani: 'Mpwa wangu, usilegeze kamba!' Maskini, kauawa na damu yake."

Inspekta, mwanamke mzito wa kusema, aliandika kila neno. Maneno hayo yangemnyonga kijana, lakini kitu fulani katika usemi huo kilimkera Inspekta. Akapanda mlima pamoja na mtuhumiwa.

"Kamba yenu mnailegezaje?"

Kijana akafuta machozi kwa bega. "Hailegezwi, mama. Mabehewa mawili yananing'inia kwenye kamba moja, imezunguka kapi lile. Hili likipanda, lile linashuka. Neno hilo huku hatuna."

Jioni wakavuka mto. Maji yalikuwa meusi, na winchi iliyovuta kivuko kwa kamba ikilia kama mtu mgonjwa. Walipogusa ng'ambo Nahodha akapaza sauti: "Subirini nilegeze kamba izame, mtumbwi upite!"

"Unailegeza kila safari?" Inspekta aliuliza.

"Tangu ujana wangu."

"Mlimani hawalegezi, Nahodha. Umemtia marehemu mdomoni neno la kazi yako."

Askari aliyefuatana nao akafungua sanduku la vifaa la kivuko. Spana kubwa ilikuwa na rangi nyekundu ya kile kibano kwenye meno. Nahodha akanywea.

"Mzee alitaka kuvusha waya juu ya mto," alisema. "Vibanda vya kuning'inia, watu wapite hewani. Kivuko changu kingekuwa chuma chakavu. Ningekwenda wapi mimi?"

Kijana alikuwa anafunguliwa pingu. Akamgeukia Nahodha.

"Ungekwenda kwake. Mjomba alishakuombea udereva wa vibanda hivyo, na wakubwa wakakubali. Leo alishuka mapema ili akuambie mwenyewe."

Nahodha alitazama pale kamba ilipozamia.