Makofi ya Clovis

Clovis alimwona Odile kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la mchele mjini Crowley, watu wamejaa pomoni, kila mmoja na sahani yake ya soseji. Odile alivaa gauni la njano, viatu kavivua, anaomba kura huku anakula.

"Kaka, nipigie kura niende bunge la jimbo."

"Una sera gani?"

"Sera baadaye. Kwanza nipe hiyo tishu, mchuzi umenimwagikia."

Akampa tishu, akampa na moyo. Mwaka haukuisha, Odile kawa mbunge, tena mchumba wa Clovis, fundi wa matrekta. Pete ikavishwa. Harusi wakapanga iwe mara tu bunge likifungwa.

Basi kikao kikaanza, Odile akahamia Baton Rouge, makao makuu ya jimbo. Clovis akawa anatazama bunge kwenye simu pale gereji, mikono imejaa grisi. Alichokiona kilimkosesha usingizi. Jirani wa kiti wa Odile, mheshimiwa mmoja aitwaye Whitfield, mtanashati, suti ya kitani, kila saa kainama sikioni mwa Odile, na Odile anacheka.

"Huyo jamaa anakunong'oneza nini?" alimuuliza kwa simu.

"Ananifundisha taratibu, mpenzi. Yule mkongwe pale."

"Taratibu gani zinachekesha?"

"Una wivu wewe."

"Sina."

"Unao, mpaka simu imepata joto. Njoo Jumanne, laazizi, nawasilisha muswada wangu wa kwanza. Kaa juu, kwa wageni, nikuone."

Wivu, ndugu zangu, haushibi. Jumanne ilipofika, njia nzima Clovis alikuwa anaomba jambo moja, tena kwa Mungu: muswada uanguke. Ukianguka, Odile ataichoka siasa, ataachana na Whitfield, atarudi nyumbani.

Muswada wenyewe ulihusu mitaro ya mashamba ya mpunga. Whitfield akawa wa kwanza kusimama.

"Mheshimiwa, vyura wa kwenye hiyo mitaro watahitaji leseni?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwingine akamtaka auimbe muswada badala ya kuusoma. Odile, na suti yake ya buluu, akajibu yote kwa adabu. Kura zikapigwa. Ubao mkubwa ukutani ukawaka taa nyekundu, jina kwa jina: hapana, hapana, hapana.

Clovis akapiga makofi. Mikono ilitangulia, akili ikafuata. Chini kule Odile alikuwa ameinua uso kumtafuta, anatabasamu. Akamwona. Tabasamu likamtoka.

Halafu taa zikaanza kugeuka kijani, moja baada ya nyingine, mpaka ubao mzima. Wabunge wakasimama kumshangilia.

"Ndiyo mila yao," mama aliyekaa kando ya Clovis alimweleza. "Mbunge mgeni hutaniwa kwa muswada wake wa kwanza. Wanamkatalia wote, kisha wanageuza kura. Kila mbunge kapitia hapo."

Clovis alishuka ngazi. Mlangoni Whitfield akamkumbatia. "Shemeji! Jioni mje kwetu, mke wangu kapika mchuzi wa kamba na bamia. Odile anakusema wewe tu mpaka tunachoka."

Akawaacha wawili.

"Ulijua ni utani," Odile alisema taratibu. "Niambie ulijua, Clovis."

Neno moja tu lingemwokoa. Lilikuwa ulimini kabisa. Lakini kumdanganya Odile hakuwahi, na leo alishamkosea vya kutosha.

"Sikujua."

"Kwa hiyo ulidhani nimeshindwa kweli."

"Ndiyo."

"Na ukafurahi."

"Nilifurahi. Nilitaka urudi nyumbani. Nisamehe, kipenzi. Yule mtu alinitia kichaa."

Odile alifuta machozi kwa kiganja, wanja ukamchafua shavuni.

"Ungemchukia Whitfield ningecheka, ningekutania mpaka uzeeni. Lakini aliyeanguka pale ni mimi. Mimi ndiye uliyenipigia makofi."

"Odile..."

"Asante kwa kusema kweli. Ungenidanganya, ningeolewa na wewe, maana nakupenda."

Kengele ililia kuwaita wabunge. Odile akaivua pete, akaiweka kwenye kiganja cha Clovis, akakifumba kwa mikono yake miwili. Kisha akaingia ndani kupiga kura.