Kengele ya Gari Nyumbani kwa Rubeni

Kengele ililia mara mbili, na Ketrina akaacha kuchambua kahawa, akatoka nje akijifuta mikono. "Karibuni," akasema. Njia ya gari ilikuwa tupu. Vumbi halikutimka, na kuku walikuwa wamelala juu ya mpira wa kengele uliolazwa njiani, bila wasiwasi wowote. Alirudi ndani akicheka. Kengele ilikuwa na siku tatu tu tangu ifungwe, akadhani bado inajifunza kazi.

Ilikuwa ya mumewe, Rubeni, mtu wa kwanza pale Iyula kuwa na lori lake mwenyewe. Mwaka ule wa 1954 akawa pia wa kwanza kutaka nyumba imwambie gari likiingia. Fundi Luka, aliyewahi kufanya kazi kwenye kituo cha petroli huko Kitwe, alimletea vitu viwili achague: ubao wenye springi wa kufukiwa njiani, na mpira mnene wa upepo, umezibwa upande mmoja, upande wa pili unaingia ukutani hadi kwenye betri na kengele.

"Ubao ni bei nafuu, mukwai," Luka alisema, kwa ile heshima ya Kibemba aliyorudi nayo. "Lakini utalia hata mbuzi akipita. Mpira unataka uzito. Gari likiukanyaga, upepo unasukumwa, kengele inalia. Magurudumu ya mbele mara moja, ya nyuma mara moja. Mtu akikanyaga, kimya."

"Nifungie mpira," Rubeni alisema. "Watu sina haja nao. Nataka gari tu."

Aliwaambia majirani kwamba ni kwa ajili ya wanunuzi wa kahawa, wasije wakaondoka wenyeji wakiwa shambani, nao wakamsifu kwa maendeleo. Uongo mtupu. Gari aliloliogopa lilikuwa la polisi, na alitaka apate dakika moja ya kutokea mlango wa nyuma.

Miaka miwili kabla ya hapo, asubuhi yenye ukungu karibu na Igamba, lori lake lilimgonga mwanamke aliyebeba tenga la samaki wakavu wa Ziwa Rukwa. Rubeni alihisi magurudumu ya mbele yakipanda na kushuka, kisha ya nyuma. Hakusimama. Watu wa Igamba wakamzika, na Jumapili mwinjilisti akatangaza kanisani kwamba marehemu aliitwa Nesta, wa Kamsamba, na aliyefanya jambo lile ajitokeze. Rubeni aliinamisha kichwa pamoja na wengine, akaitikia amina. Kujitokeza kulimaanisha jela, na lori kuuzwa, na Ketrina kujua anaishi na mtu wa namna gani.

Kengele iliendelea kulia kila alasiri, mara mbili, na kila ilipolia Ketrina alitoka akakaribisha. Alilelewa hivyo. Anayebisha hodi hajibiwi kwa ukimya, hata kama humwoni. Wiki ya pili alimfuata mumewe stoo, akasema kwa sauti ya chini, "Baba Ferista, nani kaleta samaki humu ndani?"

"Hakuna samaki."

"Mbona mashuka yananuka?"

Rubeni alitoka nje. Siku hiyohiyo alikata waya kwa koleo, akaitoa betri na kuitupa migombani, akaukunja mpira na kuuficha chini ya magunia, kisha akakaa sebuleni akiitazama ile kengele iliyobaki ukutani kama sufuria bovu, na jua likiwa bado juu, mkewe akiwa jikoni, kengele ile isiyo na waya wala betri ikalia mara moja, ikanyamaza kwa muda uleule ambao lori lake lilichukua kutoka magurudumu ya mbele hadi ya nyuma, ikalia tena, na harufu ya samaki ikapita mbele yake polepole, ikaingia chumbani.

Ketrina ndiye aliyemwita Bibi Teresia, mganga. Bibi alikaa kizingitini na mkoba wake wa dawa, akauliza jambo moja tu.

"Mwanangu, ilipolia ulisema nini?"

"Nilisema karibu, Bibi."

"Mara ngapi?"

"Kila ilipolia."

Bibi akaufunga mkoba. "Basi dawa sina. Pepo aliyevamia namfukuza. Huyu alibisha, mkamkaribisha, ni mgeni wenu. Mgeni tunamsindikiza. Mwenye nyumba amfikishe kwao, na aseme mbele ya mama yake yote yaliyompata." Alimtazama Rubeni, wala hakumuuliza chochote.

"Kwao ni wapi?" Ketrina alinong'ona.

"Kamsamba," Rubeni alisema, akitazama chini.

Ketrina alilikumbuka lile tangazo la kanisani. "Nenda ukaseme," alisema mwishowe. "Wakikufunga, nitakungoja."

Rubeni alishuka mlima kwa lori kesho yake, kiti cha kushoto kikiwa kitupu na harufu imejaa. Mama yake Nesta, Elizabeti, alimpokea uani aliposema amekuja kwa ajili ya Nesta. Wanawe wawili, watu wazima wenye mikono minene, wakaja kusimama nyuma ya mama yao.

"Wewe ni nani kwa Nesta, baba?"

Rubeni alifungua kinywa. Aliwatazama wale wanaume. "Nilimkuta ameshagongwa," alisema. "Nilimfunika shuka. Nikakaa naye mpaka akakata roho."

Mama alilia akamshika mikono. "Miaka miwili nasema mwanangu alikufa peke yake. Kumbe alikuwa na mtu." Akaamuru akamatwe jogoo, akampa. Rubeni alimpokea kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka, na aibu ikamchoma mpaka masikioni.

Wakati wa kupanda mlima lori halikuwa na mzigo, lakini lilikataa gia ya pili, likajivuta kwa gia ya kwanza likinguruma kama limebeba magunia mia, na jogoo miguuni pake akaacha kuhangaika, akatulia tuli, na ile harufu aliyodhani ameiacha uani ikarudi nzito kiasi cha kumtoa machozi, na kutoka kiti cha kushoto sauti ya mwanamke, ya upole, ikasema, "Hukumwambia."

Pale mlimani hapana mahali pa kugeuzia lori. Huku jabali, huku bonde. Lakini juu kabisa pana uwanja mpana, na Rubeni alipoufikia alipunguza mwendo, akautazama, akapita.