Interview ya Simu, Jumapili Tetu

Hii ilimpata Ngatia, graduate mwenzangu wa kutembeza degree bure hapa Nyeri. Wakubwa wa kampuni moja Nairobi wakamwita kwa interview ya simu, watatu kwa speaker, ati atafute mahali palipotulia. Akaazima ofisi ya kiwanda cha kahawa Tetu, Jumapili, akajifungia. Mvua ikashika, stima ikapotea. Giza, na mabati yakilia juu yake.

"Mr Ngatia," akasema mama wa panel, "mwambie mwenzako aache kukujibia."

"Niko peke yangu, madam."

Wakacheka, wakauliza swali lingine. Ngatia akafungua mdomo ajibu. Kabla neno litoke, ndani ya simu akasikia sauti yake mwenyewe ikijibu, vizuri kumshinda.

"Excellent! Kazi ni yako."

Karibu na sikio lake la pili, mtu akavuta pumzi. "Asante, madam."