Meseji ya Saida Niliyoifuta

"Umempigia mara ngapi?"

"Nani?"

"Obeid, usinijibu swali kwa swali. Saida. Umempigia mara ngapi?"

"Kumi na saba. Haipatikani."

Kumi na saba! Mimi mchumba wake, mwenye pete kidoleni, nilipolazwa na malaria mwezi wa tatu alinipigia mara nne kwa siku, nikalitangazia soko zima la Mwanjelwa, ninakouza vitenge, kwamba nimepata mwanaume anayejali. Kumbe nne ilikuwa chenji.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, sebuleni kwangu Iyunga, tunaandika majina kwenye kadi za harusi. Zilibaki wiki tatu. Kanisani tulishatangazwa Jumapili mbili, ya tatu na ya mwisho ilikuwa kesho yake. Ndipo simu ya Obeid ikaanza kuita mfululizo. Tetemeko kubwa limepiga baharini, pwani ya kusini. Watu wameambiwa waondoke ufukweni, maji yanaweza kupanda.

Sisi wa Mbeya matetemeko tumekua nayo. Ardhi ikitikisika unasimama mlangoni, ikitulia unarudi kumenya viazi. Lakini hili lilikuwa la baharini, na Saida alikuwa anafundisha kwenye kisiwa kidogo kulekule, shule ipo hatua chache tu kutoka majini.

Saida mwenyewe nilimjua kwa picha. "Rafiki yangu wa chuo," ndivyo Obeid alivyonitambulishia. Walisoma Iringa, yeye, Saida na Sosthenes, yule ambaye baadaye aliacha ualimu akaenda Mgololo kwenye kiwanda cha karatasi. Wanapigiana simu kila sikukuu, iwe Idi iwe Krismasi. Na mimi, niseme ukweli wangu, rafiki wa kike mwenye shingo ndefu vile sijawahi kumwamini.

"Ikupa, hapa tunaongelea uhai wa mtu," Obeid alisema.

"Kwani nimekataa? Nimeuliza hesabu tu. Si wewe ndiye mwalimu wa hesabu?"

Salio lilikuwa limemwishia, akachomeka simu kwenye chaji akatoka kwenda dukani kununua vocha. Hata geti hajafunga, simu ikalia mlio wa meseji. Namba ngeni.

Mtaniuliza kama huwa nafungua simu yake. Huwa nafungua. Nikafungua.

"Obeid ni mimi Saida. Niko mzima, tumekimbilia kilimani na wanafunzi wote. Simu yangu imeanguka kwenye maji. Hii nimeazima kwa askari anapita, anaondoka nayo sasa hivi. Namba yako ndiyo pekee niliyonayo kichwani. Mwambie mama nipo hai."

Mwingine hapo angeona "niko mzima" akamshukuru Mungu. Macho yangu mimi yaligota kwenye "namba yako ndiyo pekee niliyonayo kichwani". Mimi ninayeolewa namba ya Obeid siijui! Nimeiandika "Mume", nikimtaka nabonyeza. Halafu kuna mwanamke kisiwani, ardhi inatikisika, bahari inamfukuza, na kichwani amebeba namba ya mwanaume wangu.

Nikafuta.

Sikupanga. Nilijiambia mtandao utarudi tu, atampigia mama yake mwenyewe. Kwa nini salamu zake zipitie kwa mchumba wa mtu? Nikarudisha simu kwenye chaji, nikaendelea kuandika kadi. Nakumbuka niliandika "Bwana na Bibi Yohane" kwa mwandiko mzuri kabisa.

Obeid alirudi akapiga tena. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani.

Saa tano ikaingia sauti kwenye makundi ya simu, mtu asiyejulikana anasema nyumba za walimu kwenye kisiwa kile zimelala chini. Obeid aliisikiliza mara tatu. Kisha akavua miwani akaiweka juu ya kadi.

"Nani atamwambia mama yake?"

"Labda mtandao tu, Obeid."

"Mtandao umerudi, Ikupa. Nimempata mwalimu mwingine wa wilaya hiyohiyo. Angekuwa mzima angetafuta namna."

Hapo ndipo ilipaswa niseme. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini jicho lake likatoa chozi, moja tu, likashuka mpaka kidevuni, na wivu ukanirudia upya: kwangu mimi hajawahi kulia. Nikafunga mdomo.

*

Mama Saida anakaa Mwanjelwa, nyuma ya soko, anauza mchele na nazi. Wazee wake walitoka pwani zamani. Tulimkuta ameshasikia, amekaa kwenye mkeka, tasbihi mkononi.

Na majirani walishafika. Kwetu Mbeya jirani akisikia kilio anabeba kuni kwanza, maswali baadaye. Saa saba mchana ule uwanja ulikuwa na turubai, sufuria mbili kubwa, unga, maharage, na Mama Ipyana wa kikundi cha akina mama anagawa kazi.

"Hizi kuni za nini?" Mama Saida aliuliza. "Nani kawaambia mwanangu kafa? Zitoeni!"

"Mama, watu wamekuja kukaa na wewe tu. Watakula nini?"

"Zitoeni, nasema! Kwangu hakuna msiba!"

Zikatolewa. Zikawekwa nje ya ukuta. Baada ya saa moja Mama Saida alisimama mwenyewe, akatazama ukutani, akakaa.

"Zirudisheni," alisema kwa sauti ndogo. "Pengine nyie mnajua nisilolijua mimi."

Moto ukawashwa. Mimi nilipewa kisu, nikate vitunguu. Nilishukuru vitunguu vile, vilinificha.

Mama Saida akaja kukaa karibu yangu, akanishika mkono.

"Wewe ndiye Ikupa?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Saida alikuwa anakutaja. Aliniambia, 'Mama, Obeid amepata mtu, hanywi hata maji bila kumsifia.' Asante kwa kuja. Una moyo."

Nilijikata kidole. Sikusikia maumivu.

Saa nane na nusu Sosthenes akapiga kutoka Mgololo. Obeid akaweka sauti kubwa ili Mama Saida asikie.

"Kamwene, Obeid. Mama yupo?"

"Nipo, baba."

"Shikamoo mama. Sikiliza Obeid, una uhakika hajakutafuta? Maana Saida akipata simu ya mtu yeyote, namba atakayopiga ni yako. Nyingine haijui."

"Kwa nini ya Obeid?" nilidakia. Sauti ilinitoka kali, watu wakageuka.

"Huyo ni shemeji? Shemeji, sisi chuoni tulikuwa na simu moja, watatu. Moja! Laini moja. Mama alikuwa anapiga hiyohiyo, baba yangu hiyohiyo, mjomba wa Obeid hiyohiyo. Tulipomaliza tukapiga kura nani abaki na laini, akapata Obeid. Ile namba mimi nikiamshwa usingizini naitaja. Ya mke wangu mwenyewe siijui, usimwambie."

Mama Saida alitabasamu, mara ya kwanza siku ile. "Kweli. Hata mimi naijua. Miaka mitatu nilikuwa napiga hiyo, anapokea Sosthenes, ananiambia Saida anaoga."

"Sasa Obeid," Sosthenes aliendelea, na sauti ikambadilika, "kama kimya ni hiki, panda basi. Nakusubiri Mafinga. Twende tukamtafute wenyewe. Kama ni kumleta, tumlete."

"Nakuja," Obeid alisema. Akakata simu, akachukua koti.

"Kama ni kumleta" ndiyo maneno yaliyomvunja Mama Saida. Hakupiga kelele. Aliinama polepole mpaka paji likagusa mkeka, akabaki hivyo.

Nikasimama, kisu mkononi.

"Obeid, usiende."

"Ikupa, leo sina nguvu ya wivu wako. Tafadhali."

"Usiende. Saida mzima."

"Umejuaje?"

"Alituma meseji."

"Kwako?"

"Kwako. Saa nne. Ulikuwa umeenda dukani."

"Ipo wapi?"

"Nimeifuta."

Mama Ipyana akasema, "Mwee!" akaweka mwiko chini.

Obeid alinitazama kama mtu asiyenijua. Kabla hajasema, Mama Saida aliinua kichwa.

"Alisema nini? Rudia. Neno kwa neno."

Nikarudia. Yote. Wivu una kumbukumbu kali, hakuna herufi niliyoacha. Niko mzima. Kilimani na wanafunzi wote. Simu imeanguka kwenye maji. Askari anapita. Namba yako ndiyo pekee. Nilipofika "mwambie mama nipo hai" sauti ilikatika, nikamalizia kwa kunong'ona.

"Nipo hai," Mama Saida alirudia. "Huyo ni yeye. Ndivyo anavyosema akitaka kunituliza." Akasujudu. Alipoinuka uso wote ulikuwa umelowa.

"Mama, nisamehe..."

"Nyamaza kidogo, mwanangu. Mtoto wangu yu hai. Hasira nitakukasirikia kesho, leo sina nafasi."

*

Saa kumi simu ya Obeid iliita, namba nyingine ngeni. Mama Saida ndiye aliyeinyakua. Walilia, wakacheka, wakalia tena. Kisha simu ikaja kwa Obeid, akasikiliza, akaniletea.

"Mwambie mwenyewe."

"Dada Saida," nilisema. "Mimi Ikupa. Meseji yako niliifuta mimi. Nilikuonea wivu. Mama hakuambiwa mpaka saa nane na nusu."

"Alikaa saa ngapi hivyo?"

"Zaidi ya nne."

"Mimi nilikuwa nacheka huku," Saida alisema. "Tunawapikia watoto uji, nacheka, najua mama ameshaambiwa." Akavuta pumzi. "Sikuchukii, Ikupa. Lakini kwa leo nirudishie mama yangu."

Nikamrudishia mama yake.

Obeid alinisindikiza mpaka barabarani. Alitembea mbele, hatua mbili.

"Sema kitu," nilimwomba. "Nitukane."

"Ungenitukana wewe. Ungenivunjia simu, ningeelewa. Umekaa pembeni yangu unaandika kadi, unaniangalia namzika mtu aliye hai."

"Nilikuona unalia nikaumia. Nikawaza, mimi ungenililia hivyo?"

Alisimama.

"Kumbe ulikuwa unapima," alisema. "Ikupa, nilikuwa nalia nikiwaza kama ungekuwa wewe. Kama tetemeko lingekuwa Mbeya na mimi niko mbali. Ndicho kilichonitoa machozi."

"Kesho ni tangazo la tatu," nilisema mwisho.

"Naenda kumwambia mchungaji asilisome."

"Umeniacha?"

"Sijui."

"Obeid, niambie. Umeniacha au hujaniacha?"

"Sijui, Ikupa. Nikijua, dakika hiyohiyo utajua na wewe. Siwezi kukufanyia ulichonifanyia."

Jumapili nilikwenda kanisani peke yangu, nikakaa katikati ili wanaotaka kuniona wanione. Mchungaji akasoma wachumba wa kina nani na kina nani, sisi hatumo, akafunga daftari. Vichwa vikageuka. Mama yangu mdogo akanifinya paja, "Vipi tena?" Nikamwambia, "Kosa langu." Ilikuwa mara ya kwanza kulisema bila kuongeza "lakini".

Wiki ile nilikwenda kwa Mama Saida. Alikuwa ameshika hasira yake kama alivyoahidi. Alinisema saa nzima, nimesimama, wateja wa mchele wanasikia, hajanificha kitu. Alipomaliza akanipa ungo nichambue mchele. Nikarudi kesho yake, na kesho yake.

Obeid hakupiga. Nami sikumpigia. Mlio wa simu ukisikika kibanda cha jirani, mimi ndiye niliyeruka. Wiki ya kwanza, ya pili, ya nne. Tarehe ya harusi ikapita, siku hiyo niliuza vitenge kama kawaida na macho yamevimba. Nikajua Mama Saida alipita wapi siku ile, tena yeye alikuwa anangoja mtoto.

Wiki ya saba, Alhamisi, niko kibandani napima kitenge cha mama mmoja, simu ikaita.

"Ikupa."

"Abee."

"Nimejua."

"Lini?"

"Sasa hivi. Niko darasani, nimeacha swali ubaoni, nimeshika chaki."

Nikakaa juu ya robota la vitenge.

"Sema tu, Obeid. Lolote, sema."

"Nakuoa. Hasira haijaisha, nakuja nayo hivyohivyo. Lakini nakuoa."

Nyuma yake nilisikia darasa zima likipiga makofi na meza, na Obeid akifoka, "Kimya! Namba tano, endeleeni!"

Nililia kwa sauti, palepale, katikati ya Mwanjelwa. Yule mama mteja akaacha kitenge akanishika bega.

"Pole, mwanangu. Umefiwa na nani?"

"Hapana, mama," nikamwambia. "Naolewa."